Mtoto mwenye mifupa inayovunjika kirahisi: maswali ya wazazi kuhusu kunyooshwa miguu

Kwa nini miguu yake inapinda?
Katika ugonjwa huu, uitwao osteojenesisi imperfekta, mwili hutengeneza kolajeni pungufu au yenye kasoro, na kolajeni ndiyo inayoushikilia mfupa. Uzito wa mwili na mvuto wa misuli huukunja mfupa taratibu. Ukivunjika, huunga ukiwa umepinda, kisha huvunjika tena palepale. Mzazi, hukumlea vibaya.

Dawa haziwezi kuinyoosha?
Hapana. Dawa ziitwazo bisfosfoneti huongeza uzito wa mfupa, lakini mfupa uliokwisha kupinda hubaki hivyo.

Apasuliwe lini?
Mara nyingi ni pale anapoanza kujivuta asimame, huku mguu uliopinda ukimzuia au ukivunjika mara kwa mara. Kama umepinda kidogo tu na haumsumbui, kusubiri si uzembe.

Upasuaji wenyewe ukoje?
Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Mfupa hukatwa sehemu moja au zaidi, vipande vikapangwa upya na kutungwa kwenye fimbo ya chuma kama shanga kwenye uzi. Madaktari Sofield na Millar walieleza njia hii mwaka 1959. Tatizo ni kwamba mtoto hukua, fimbo haikui: sehemu mpya ya mfupa hubaki bila ulinzi, ikapinda au kuvunjika. Ndiyo maana Bailey na Dubow walibuni fimbo ya vipande viwili vinavyochomozana kama antena ya redio. Inayotumika sana leo ni ya Fassier na Duval. Kila kipande hushikizwa kwenye ncha yake ya mfupa, na mfupa unaporefuka huvivuta vyote viwili.

Mbona asiwekewe bamba na skrubu?
Bamba ni gumu kuliko mfupa huu. Nguvu hujikusanya mwisho wa bamba, na mfupa huvunjika hapo.

Baada ya hapo?
Nasisitiza hili: asikae kwenye plasta muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mfupa usiotumika hudhoofika zaidi. Daktari akiruhusu, aanze mazoezi. Majini ni pazuri, maji hubeba uzito wake. Bisfosfoneti huenda zikasimamishwa kwa muda ili mfupa uliokatwa uunge. Unapombadilisha nepi usimnyanyue kwa vifundo vya miguu. Pitisha mkono chini ya makalio.

Ndiyo basi, hapasuliwi tena?
Huenda akapasuliwa tena. Fimbo inaweza kukwama, kupinda au kuhama, hivyo eksirei za mara kwa mara ni lazima. Akianza kulalamika maumivu mapya ya nyonga au goti, au akikataa ghafla kukanyaga, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.