Samadi na mbolea ya chumvichumvi: mmea unakula lini?

Mzizi haunyonyi samadi. Unanyonya chumvi zilizoyeyuka majini, na kwa upande wa naitrojeni chumvi hizo ni zilezile, ziwe zimetoka zizini au kiwandani. Kinachotofautiana ni muda.

Mbolea za chumvichumvi kama urea, CAN (kalsiamu amonia naitreti) na NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) huyeyuka kwa maji na kuufikia mmea ndani ya siku chache. Samadi na mboji lazima kwanza zivunjwevunjwe na vijidudu vya udongoni, navyo vinataka unyevu, joto na wiki kadhaa. Sehemu kubwa ya naitrojeni hubaki kwa misimu ijayo. Hata kwa uzito hazikaribiani: kilo ya urea ina gramu 460 za naitrojeni, ya samadi kavu ya ng'ombe gramu 10 hadi 20 hivi. Ila urea haisaidii udongo wa kichanga kushika maji, na hapo samadi haina mpinzani.

Tuta la mita 1 kwa 5 linatoshwa na debe moja la samadi iliyooza, kama kilo 10, ichanganywe kwenye sentimita 15 za juu wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza. Iliyooza haina joto wala haiwashi pua. Mbichi ya kuku huunguza miche. Mbichi ya ng'ombe huleta magugu. Samadi ikijaa maranda, mboga huwa njano, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha maranda hula naitrojeni ya udongo.

Kwa kukuzia kabichi, weka kisoda kimoja cha CAN (gramu 5 hivi) kwa kila mche, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Ukiirundika shinani, chumvi huvuta maji kutoka mizizini na kingo za majani huungua. Hapo mwagilia maji mengi, usiongeze mbolea. Urea ifukie, maana ikiachwa juu sehemu yake hupaa kama gesi ya amonia. Msimu wa mvua kubwa gawa dozi mara mbili, la sivyo naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, itazama chini ya mizizi.

CAN isipite kwenye mipira ya matone: chokaa yake haiyeyuki, huziba matundu. Huko, na kwenye viroba pia, tumia NPK 19-19-19 (asilimia 19 ya kila kirutubisho) ya kuyeyusha, gramu 20 hadi 40 kwa ndoo ya lita 20, kila wiki mbili. Usiikoroge pamoja na kalsiamu naitreti; maji yakigeuka meupe, fosforasi na kalsiamu zimeshashikana na kutuama chini ya ndoo.