Nywele za Agosti: zimekatika au zimenyonyoka?

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba, mezani kwangu hufika bahasha zenye nywele. Wanaozileta wengi ni kina mama na mabinti. Wamezikusanya kwenye kitana, bafuni au juu ya foronya, na maneno yao hayapishani sana: "Dokta, nywele zinakatika. Nadhani ni hii baridi."

Mimi ni daktari wa ngozi. Nilisomea fani hii Moshi, ambako kipupwe ni kipupwe kweli, na sasa nafanya kazi Dar es Salaam. Kote kuwili malalamiko ni yale yale, miezi ile ile. Kabla sijajibu lolote, huchukua unywele mmoja, nikauweka juu ya karatasi nyeusi na kuutazama pande zote mbili. Kiswahili chetu kilishatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku: kukatika na kunyonyoka. Unywele uliokatika hauna mzizi, na mara nyingi ni mfupi. Ulionyonyoka umetoka mzima, na upande wa shinani una kinundu cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini. Kinundu hicho ndicho kinachoniambia niulize nini.

Kila shina la nywele lina zamu zake. Hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, husinyaa kwa wiki 2 au 3, kisha hupumzika kwa takriban miezi 3, ndipo unywele wa zamani unadondoka na mpya unaanza. Kichwani mna mashina kama 100,000, kila moja na zamu yake, ndiyo maana hatunyonyoki kwa mkupuo kama kuku. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. (Aliyekaa na rasta wiki 6, siku anapofumua hutoka nywele 2,000 na zaidi kwa pamoja, kwa kuwa zilizodondoka zilishikiliwa ndani ya msuko. Fundo lile linaogofya. Piga hesabu kwanza kabla ya kulia.)

Wanaosoma mtandaoni wamekutana na habari kwamba nywele hunyonyoka zaidi Agosti na Septemba. Ni kweli, huko zilikopimwa. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa wanaume 14 wa Sheffield, Uingereza, waliofuatiliwa kwa miezi 18. Mwezi Machi zaidi ya asilimia 90 ya nywele zao zilikuwa katika zamu ya kukua. Ilipofika Agosti na Septemba zilikuwa zikidondoka kama 60 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya majira ya baridi yaliyotangulia. Lakini Sheffield mchana wa Juni unauzidi wa Desemba kwa zaidi ya saa 9. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa 1, na Mwanza haifiki hata nusu saa. Wanyama wengi hubadili manyoya kwa kufuata urefu wa mchana, na wataalamu wengi wanaona kwamba hata binadamu amebaki na chembe ya tabia hiyo. Sasa kwetu, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, siwezi kuyachukua matokeo ya Sheffield nikayabandika Mwanza.

Hapo ndipo swali langu linapowashangaza wagonjwa: "Mwezi wa tano ulikuwa na hali gani?"

Mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliniletea bahasha iliyovimba mwanzoni mwa Septemba. Karibu kila unywele ulikuwa na kinundu. Alifikiri sana, kisha akakumbuka: malaria kali baada ya mvua za masika, siku tano kitandani, chakula hakishuki. Homa kubwa huyasukuma mashina mengi kuingia mapumzikoni kwa pamoja, kabla ya zamu yao. Kichwani hakuna kinachoonekana wakati huo. Miezi 2 au 3 baadaye, mgonjwa ameshasahau hata dawa alizomeza, nywele ndipo zinadondoka. Dengue hufanya hivyo pia, na chikungunya, ugonjwa ulioelezwa kwanza kusini mwa Tanganyika na ambao jina lake limetoka Kimakonde. Kujifungua nako vivyo hivyo. Kwa hiyo mvua huleta mbu, mbu huleta homa, na deni la homa hulipwa wakati wa kipupwe. Baridi inasingiziwa.

Ila baridi nayo haikosi lawama kabisa. Kwa Njombe, Iringa na Arusha hewa kavu ya Juni hadi Agosti hukausha nywele zetu za kipilipili, ambazo mafuta ya kichwani hayasafiri kirahisi kufika nchani. Kila kona ya unywele ni mahali pa kukatikia, na shanuo likipita kwenye nywele kavu linamaliza kazi. Hapo mzizi uko salama. Lainisha kwa maji na mafuta kabla ya kuchana, anzia nchani, lala na kitambaa cha satini. Hakuna haja ya vidonge.

Yule mwalimu nilimpima damu, madini ya chuma yalikuwa chini, tukayatibu. Nilimwambia shina halijafa, na unywele mpya ndio unaousukuma ule wa zamani. Hali hii kwa kawaida hutulia ndani ya miezi 6. Isipotulia, au ukiona kiraka kitupu chenye magamba, usiendelee kupaka mafuta, njoo uonekane.

Alirudi katikati ya Desemba akiwa na vinywele vimesimama pajini kama majani baada ya mvua. Alitaka kusuka kwa Krismasi. Nywele za Waafrika zilipopimwa zilikua kwa wastani wa milimita 0.26 kwa siku, za Wazungu 0.4, kwa hiyo vile vyake vilikuwa na sentimita 3 hivi. Tukakubaliana asuke mabutu makubwa, yaliyolegea, na msusi asiguse ule ukingo wa mbele hadi Pasaka.