Kasi haijengwi kwa kuchoka
Makocha wengi bado wanaamini kwamba mwanariadha akirudiarudia mbio fupi hadi aishiwe pumzi, kasi yake itaongezeka. Sivyo. Anachojenga hapo ni stamina. Kasi ni kazi ya misuli na mishipa ya fahamu: mguu lazima uisukume ardhi kwa nguvu nyingi ndani ya muda mfupi mno, takriban sehemu ya kumi ya sekunde anapofikia kasi yake ya juu. Aliyechoka hawezi, hatua zake hulegea, na mwili huuzoea ulegevu huo. Inaniuma kuona vipaji vikipotezwa hivi. Mkimbize mita 30 kwa nguvu zote, kisha mpumzishe dakika tatu hivi, hata akidai yuko tayari. Akianza kupungua kasi, funga zoezi.