Jivu la makala mbaki nalo nyumbani

Mvua ya Septemba ikikaribia hapa Goma, wajitolea wapya wanakuja bustanini na jembe, moyo mkunjufu na usemi uleule: "Papa, huku ni volkano, mbolea ya nini?" Nimechoka kuujibu kwa mdomo.

Lava si udongo. Ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu bado ni jiwe, na parseli yetu, kiwanja cha bustani, iko juu yake. Tunalima changarawe nyeusi pamoja na udongo wa kununua ulioletwa kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Mtaniambia Rutshuru na Masisi kunaota bila taabu. Kule kuna majivu ya kale, yaliyolaliwa na msitu kwa maelfu ya miaka, majani yakiozea juu ya majani. Hapa kwetu jiwe limeota ukoga wa kijivu tu, na magugu mawili matatu kwenye nyufa.

Haya, tuseme jiwe lisagike leo. Mawe ya Nyiragongo yana potasiamu nyingi, kalisi (kalsiamu), hata fosforasi. Nitrojeni hayana. Hiyo inatoka hewani, na inaingia ardhini kupitia vyenye uhai: mizizi ya maharage, samadi, maganda yanayooza. Lengalenga, yaani mchicha, ndiyo mlafi wake mkubwa. Uipande kwenye volkano tupu, itafika gotini, itoe maua mapema, iwe ngumu kama ufagio, halafu lawama zimwangukie mama aliyekuuzia mbegu.

Sasa jivu. Kila Jumamosi kuna mtu anayekuja na mfuko wa jivu la mbabula, jiko la makala, amejaa fahari, kwa sababu eti jivu la makala na jivu la volkano ni ndugu. Jamani! Kuni ikiungua, nitrojeni karibu yote inakwenda na moshi. Kinachobaki ni potasiamu na kalisi, vitu ambavyo jiwe letu linavyo tayari. Wengine wanalichanganya na samadi mbichi "ili iive haraka". Ile harufu kali inayowachoma pua ni nitrojeni yenyewe inaaga.

Na kiangazi chote tumemwagilia maji ya ziwa, bidoni kwa bidoni. Maji ya Kivu yana alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) kwenye uso wa ziwa inakaribia 9. Ukiongeza jivu, unaongeza alkali juu ya alkali, na mmea unashindwa kunyonya chuma hata kama kipo. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dawa, inama uangalie jani. Umanjano ukianzia majani ya chini, yale mazee, ni njaa ya nitrojeni: leta samadi. Ukianzia majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani kama imechorwa kwa kalamu, ni chuma: acha jivu, weka mboji, ngoja mvua. Watu wanaona manjano tu, wanamwaga jivu kwa yote mawili.

Maharage nayo yanasifiwa kupita kiasi. Ng'oa shina moja, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi ya kukamata nitrojeni ya hewani, kikiwa cheupe au kijani hakifanyi. Lakini hata kikifanya, sehemu kubwa ya nitrojeni inapanda kwenye mbegu, nasi tunaila na sombe, majani ya muhogo. Ardhi inabakiziwa kidogo. Vitabu vinaandika "kunde hurutubisha udongo" na kuweka nukta; mimi ningeweka mkato.

Madoa ya kahawia bado yananibabaisha. Mvua iliyopita katika moshi wa volkano ina asidi, inaunguza majani, na alama zake zinafanana mno na za ugonjwa. Mimi naangalia magugu ya jirani: kama kila aina ina madoa kwa siku moja, nalaumu moshi, kama ni nyanya peke yake, nang'oa nyanya. Ni kukisia, sikatai.

Mvua ikianza itaosha alkali ya kiangazi, maana lava haizuii maji. Haizuii nitrojeni pia. Kwa hiyo samadi hatuimwagi yote siku ya kupanda: konzi moja shimoni, nyingine baada ya palizi ya kwanza, na inayobaki ifunikwe kwa turubai. Jumamosi leteni maganda ya ndizi na ya viazi, majani makavu, mavi ya sungura kwa mwenye sungura.