Ukiwapeleka watoto Animal Orphanage, fuata saa ya mnyama

Likizo za shule zikikaribia, wazazi huniuliza swali lile lile: tukija Lang'ata, Nairobi, na watoto, tuanzie wapi? Wengi huwa wameshapanga. Saa tano ndovu wachanga, saa saba twiga, kisha Animal Orphanage (makao ya wanyama yatima), halafu Safari Walk, na jioni nyama choma. Mimi ni daktari wa wanyama na kazi yangu kubwa imekuwa na wanyamapori wanaotunzwa kizimbani. Ninachowaambia ni kupunguza. Chagueni mahali pamoja, mfike mapema, na ratiba yenu ifuate mnyama anavyoishi. Mtoto aliyekaa nusu saa na duma mmoja anarudi nyumbani na mengi ya kusimulia kuliko aliyepitishwa mbio mbele ya wanyama thelathini huku akiambiwa "haya, twende, twende!"

Animal Orphanage ilianzishwa mwaka 1964, pale kwenye lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mbuga yenyewe ni ya mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya, na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Wanyama wa pale hawakukusanywa kwa ajili ya maonyesho. Wanaletwa wakiwa wamepoteza mama, wamejeruhiwa, wamezeeka, au wametolewa kwa watu waliokuwa wakiwafuga bila kibali. Wengine hutibiwa na kurudishwa porini. Wengine hubaki. Waelezeni watoto haya kabla ya kufika, maana mtoto akijua kwamba kila mnyama ana kisa cha jinsi alivyofika hapo, anaanza kuuliza, na walezi wa wanyama hupenda sana kuulizwa.

Safari Walk iko jirani, lakini ni mahali pa namna nyingine. Mnatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, mkipita sehemu ya majimaji, ya savana na ya msitu. Wanyama wako mbali kidogo, wengine wamejificha kwenye majani, na mtu lazima asimame, anyamaze, atafute kwa macho. Mtoto wa miaka mitatu hana subira hiyo, na si kosa lake. Kwa hiyo wenye watoto wadogo waende Orphanage, ambako vizimba viko karibu karibu. Kuanzia miaka minane hivi, nawashauri Safari Walk, hasa kwa sababu ya bongo wa milimani. Huyu ni swala mkubwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mistari myeupe ubavuni. Porini anapatikana Kenya tu, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na wanaokadiriwa kubaki huko hawafiki 100. Watu husafiri mbali kutafuta wanyama adimu, na huyu yuko umbali wa nauli ya matatu ya Rongai.

Kama lengo ni ndovu wachanga wa Sheldrick, kituo cha kulea ndovu yatima, ifanyeni kuwa siku yake. Wageni huruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na lazima muwe mmeweka nafasi mapema.

Sasa saa ya mnyama. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Ukifika saa saba mchana, jua la utosi, utamkuta amelala chali, na mtoto atakuuliza kama amekufa. Fikeni mara tu lango linapofunguliwa, hewa ikiwa bado baridi, ndipo wanyama wanatembea, wananusa, wanaitana. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, muda huo mzuri hurefuka kidogo. Chui ni wa usiku, kwa hiyo msimtafute chini pekee. Angalieni juu ya matawi na kwenye vivuli. Duma ndiye rafiki wa familia, kwa sababu yeye huwinda mchana na hata kizimbani anakuwa macho wakati wenzake wamelala.

Pale langoni, swali lenu la kwanza liwe: leo wanyama wanalishwa saa ngapi? Wanyama wanaokula nyama huanza kuzunguka kizimba na kukodolea macho njia anayotokea mlezi muda mrefu kabla nyama haijafika. Huo ndio wakati wa kuwa hapo.

Wapeni watoto kitu cha kutafuta. Kwa duma, waangalie mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kwenye macho hadi mdomoni, kisha kucha, ambazo haziingii zote ndani kama za chui. Madoa ya duma ni meusi na yamejaa. Ya chui ni kama vipete, yana uwazi katikati. Halafu nyamazeni kabisa. Duma akiwa ametulia karibu na wavu, utasikia mkoromo mzito kama wa paka wa nyumbani, akivuta pumzi na akiitoa, bila kukatika. Duma hawezi kunguruma kama simba. Nimeona watoto watundu mno wakiganda kwa sauti hiyo.

Ngiri hupiga magoti ya mbele akila. Mamba anapoachama mdomo anapunguza joto la mwili, hamtishi mtu. Na kwa fisi, jike ndiye mkubwa na ndiye anayetawala kundi, jambo ambalo wasichana hulipenda sana.

Kinachonipa wasiwasi si simba. Ni nyani na tumbili wanaozurura nje wakiwa huru, kwani wanajua vizuri sana mtoto mwenye ndizi anafananaje. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa. Akinyakua, mwachie. Usimkodolee macho na usimwonyeshe meno hata kwa kucheka, maana kwake huo ni ugomvi. Na msiwape chochote, hata ganda. Nyani aliyezoea mkate wa watu huishia kuwa mkorofi, na mwisho wake huwa mbaya. Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, mkaeleze kwamba mnahofia kichaa cha mbwa. Msingoje kidonda kivimbe.

Jambo jingine ambalo wazazi hawalifikirii: mafua yetu huwapata nyani na jamaa zao. Mtoto akiwa anakohoa, ahirisheni. Na mkitoka, kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Kuhusu mizigo nitasema kidogo. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo bebeni maji kwenye chupa za chuma au za kudumu. Malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu. Fungueni akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa nyumbani na mlipe kabla ya kupanga foleni, na mtu mzima awe na kitambulisho. Kofia kwa kila mtoto hata siku ya mawingu, na sweta la asubuhi. Epukeni sikukuu za taifa na Jumapili alasiri. Siku za katikati ya wiki kunakuwa na mabasi ya shule, lakini mkifika mapema mnayatangulia.

Mtoto atauliza kwa nini simba amefungiwa. Msimdanganye kwamba anafurahia. Mwambieni ukweli: kizimba si nyumbani kwa simba, na aliyelelewa na watu tangu utotoni hajui kuwinda wala haogopi binadamu, hivyo akiachiliwa atakufa njaa au ataingia kwenye boma la mtu na kuuawa. Watoto wa miaka saba, minane, hulipokea jibu hilo vizuri kuliko tunavyodhani. Kisha wanauliza la pili: mama yake alienda wapi? Hapo mwiteni mlezi aliye karibu, kwa sababu yeye ndiye anayemjua simba huyo kwa jina na anajua alikotoka.