Kiwango cha ukosefu wa ajira huhesabiwaje, na kwa nini hakitoshi peke yake

Ukimuuliza mtu wa Malindi mwezi wa Mei kama vijana wana kazi, atakwambia hawana. Watalii wameondoka, hoteli zimepunguza wahudumu, na kusi limeichafua bahari hata mashua ndogo zimevutwa pwani. Ikitangazwa redioni kwamba wasio na ajira ni asilimia ndogo tu, watu huona wametukanwa. Mara nyingi takwimu hiyo si ya uongo, ila inayohesabiwa humo si shida yote wanayoiona mtaani.

Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, KNBS, kama wenzake wa nchi nyingine, hutumia vipimo vinavyotokana na Shirika la Kazi Duniani. Ili uhesabiwe huna ajira, sharti iwe hukufanya kazi ya malipo au faida hata saa moja katika siku saba zilizopita, uwe tayari kuanza kazi ikipatikana, na uwe umeitafuta ndani ya wiki nne. Kuzunguka hotelini kuulizia, au kumwomba mjomba akuunganishe na mtu, ni kutafuta pia.

Hiyo saa moja ina mambo mengi. Kijana wa Amu, yaani Lamu, aliyepata kibarua cha kupakua saruji jahazini asubuhi moja, kisha akakaa barazani wiki nzima, ana ajira. Bibi wa Pate anayesuka ukili wa mkeka wa kuuza ana ajira. Akisuka mkeka huohuo wa kutandika kwake, basi kwa kanuni zilizopitishwa Geneva mwaka 2013 hiyo ni kazi, lakini si ajira. Saa moja iliwekwa ili jasho lote linaloingia katika pato la taifa lionekane, na hilo nalikubali. Lakini kibarua wa asubuhi moja na karani wa benki wanaingia kapu moja, na hapo dhiki inafichika. Ndiyo maana kuna kipimo cha ajira pungufu, kinachohesabu wenye kazi ya saa chache ilhali wanataka zaidi na wako tayari kuzifanya. Kwa Lamu mimi ningeanza kusoma hicho.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukulie mtaa wenye watu 100 wa umri wa miaka 15 hadi 64. Watu 60 wana kazi, 15 wanaitafuta, na 25 ni wanafunzi, walezi wa nyumbani au wagonjwa. Nguvu kazi ni 60 na 15, yaani 75. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 15 kwa 75, sawa na asilimia 20. Wale 25 hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Kusi likashika. Katika wale 15 wanaotafuta, 10 wamechoka kurudishwa mlangoni, wakaacha kuulizia. Nguvu kazi imebaki 65, wasio na ajira ni 5, na kiwango kimeshuka hadi chini kidogo ya asilimia 8. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Ukisoma namba hiyo peke yake utasema mambo yametengenea.

Kinachoumbua hali hiyo ni kiwango cha ajira: wenye kazi kwa watu wote wa umri wa kufanya kazi. Hapa ni 60 kwa 100 kabla ya kusi, na 60 kwa 100 baadaye. Hakikusogea. Namba hizi mbili zisomwe pamoja, na ya waliokata tamaa ikiwepo, isiachwe.

Kuna jambo jingine linalofanya asilimia iwe ndogo kwetu. Kenya haina posho ya serikali ya kumlisha aliyekosa kazi hadi apate nyingine. Mhudumu aliyesimamishwa hoteli ikifunga hawezi kukaa miezi mitatu akitafuta nafasi ya ujuzi wake. Kesho yake ataendesha bodaboda ya mtu au kuuza samaki wa kukaanga, na atahesabiwa ana ajira.

Pia msimu uangaliwe. Takwimu za Aprili hadi Juni kwa pwani hii zilinganishwe na za Aprili hadi Juni za mwaka uliotangulia, si na za Desemba hoteli zikiwa zimejaa.