Mafunzo ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii Yaanzie kwa Kaya Zisizofikiwa

Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyekuwa akiwatibu wachimbaji wa makaa ya mawe na familia zao katika kijiji cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba huduma nzuri za tiba huelekea kupatikana kinyume na mahitaji: mwenye kuzihitaji zaidi ndiye azipataye kwa uchache. Mwaka 2000 mtafiti Cesar Victora na wenzake, wakitumia takwimu za afya ya watoto nchini Brazili, walionyesha jambo linalotugusa zaidi sisi tunaopeleka huduma vijijini, yaani kwamba huduma mpya huwafikia kwanza wenye nafasi, hivyo pengo hutanuka kabla ya kuanza kupungua. Kwa maneno mengine, mpango uliobuniwa kwa nia njema kabisa unaweza kuongeza tofauti ya afya kati ya watu wa kijiji kimoja, huku taarifa zake zikisomeka vizuri.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 400 katika vitongoji vitano, ambapo kitongoji cha tano, chenye kaya 60, kiko ng'ambo ya korongo. Muuguzi wa zahanati anafika na pikipiki kwa huduma ya mkoba, yaani huduma inayopelekwa nje ya zahanati, anaweka boksi lake la chanjo kwenye ofisi ya kijiji, na kaya zote za vitongoji vinne zinahudumiwa. Taarifa ya mwezi itaonyesha asilimia 85, na wilayani watapongezana. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba asilimia 15 iliyobaki haikutawanyika kijijini kote, bali ni kitongoji kizima, na kwamba mtoto wa huko aliyekosa dozi ya kwanza ya pentavalenti, chanjo inayokinga magonjwa matano, inayotolewa akiwa na wiki sita, kwa kawaida ni mtoto ambaye mama yake naye hakuhudhuria kliniki ya wajawazito inavyotakiwa.

Nafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao nchini Tanzania tunawaita WAJA kwa kifupi, na kwa sababu hiyo naona mafunzo yao yanapaswa kuanza na rejesta na ramani ya kaya kabla ya magonjwa. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka 5, na jirani zetu wa Kenya walikwisha kuwagawia wahudumu wao zaidi ya 100,000 mikoba ya vifaa mwaka 2023. Idadi kubwa namna hiyo ikifundishwa vibaya, itarudia kosa lilelile kwa wingi zaidi.

Ramani ya kitongoji huchorwa na mwenyekiti wake, na hilo ni sahihi, lakini haitoshi. Mwenyekiti anazijua vizuri kaya zinazochangia ujenzi wa madarasa na kuhudhuria mikutano. Wapangaji, wafanyakazi wa ndani, wachimbaji wadogo waliohamia juzi na wavuvi walioko dago, yaani kambi za muda za uvuvi, mara nyingi hawamo kichwani mwake. Kwa hiyo nawataka wanafunzi wangu waipeleke ramani hiyohiyo kwa mkunga wa jadi, kwa dereva wa bodaboda na kwa mama lishe, kisha waongeze nyumba zinazotajwa. Tofauti kati ya ramani ya kwanza na ya mwisho ndiyo somo lenyewe, na hakuna mhadhara wangu ulioweza kulifundisha vizuri zaidi. Kwa wafugaji wanaohama, ramani ya nyumba haifai. Hapo tunaorodhesha visima, malambo na minada, pamoja na miezi ambayo mifugo hupelekwa huko.

Baada ya hapo ndipo stadi za mikono zinapata maana. Mhudumu anayejua kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima, akatambua kwamba 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, ni pumzi za haraka zinazoashiria nimonia kwa mtoto mwenye kikohozi, anamwepusha mama kusubiri siku mbili akidhani ni mafua. Vivyo hivyo utepe wa kupima mzingo wa mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo hahitaji ushauri wa uji wa lishe bali rufaa siku hiyohiyo. Stadi hizi hazihitaji umeme wala maabara, ndiyo maana zinafaa zaidi kule ambako zahanati iko mbali.

Rufaa nayo ni eneo ambalo semina nyingi hulipitia haraka mno. Watafiti Thaddeus na Maine walieleza mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Kumwandikia mama karatasi hakugusi hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Mhudumu afundishwe kuzungumza na mume na mama mkwe mapema, mimba ikiwa bado changa, kuhusu nauli na kuhusu nani atabaki na watoto. Na kila kaya yenye mjamzito ijue namba ya bure 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito.

Suala la nani anachaguliwa kusomea kazi hii linahitaji uangalifu. Kigezo cha kidato cha nne, popote kinapotumika bila nafasi ya kulegezwa, huelekea kumleta kijana wa makao makuu ya kijiji, kwa kuwa kitongoji cha ng'ambo ya korongo ndicho chenye wahitimu wachache, hasa wasichana. Mimi ningependelea mama wa kitongoji hichohicho anayejua kusoma na kuandika, akapewa muda mrefu zaidi wa mafunzo.

Posho ndiyo mwisho wa hoja zangu, na ndiyo inayonipa ubishi mwingi na wasimamizi. Kenya imeweka shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, zinazogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Mahali ambapo malipo hufuata idadi ya kaya zilizotembelewa, anayehudumia nyumba zilizosongamana kando ya barabara atamaliza orodha yake asubuhi, ilhali mwenzake wa kaya zilizotawanyika atalipwa kidogo kwa kutembea zaidi, na wakati wa masika hatakwenda kabisa. Malipo yakokotolewe kwa kuzingatia umbali, na mafuta ya pikipiki ya zahanati yatengewe kwanza kitongoji cha tano.